Kimya cha Noko Albert

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa karakana ya ghala la dawa. Nilipewa soda, hotuba mbili na redio ndogo ya betri ambayo, nilipofika nayo nyumbani Mangobo, haikushika stesheni hata moja. Sikukasirika. Nilifungua tumbo lake, nikakuta springi ya betri imelala, nikaiinua kwa ukucha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ustaafu wangu ilikuwa kutengeneza zawadi ya ustaafu.

Nyinyi vijana mliobaki pale mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana la kwanza halina msikilizaji na la pili litawachekesha kupita kiasi. Nitaandika juu ya vitu vilivyokataa kufanya kazi, hasa kimoja ambacho nusura kiniache bila mke.

Kazi nilifundishwa na Papa Shabani, fundi wa redio, mtu wa familia zile za Waislamu wa zamani wa mjini kwetu. Alikuwa na kofia nyeupe ambayo sijaiona na doa hata siku moja, ingawa alilehemu kwa chuma kilichopashwa moto kwenye makaa. Siku yangu ya kwanza aliniwekea mezani redio iliyokufa, akaniamuru nifumbe macho. «Anza na betri,» akasema. «Kamata kamba na kidole, uifwate mpaka mwisho. Macho inadanganyaka. Mukono haidanganyake.» Nilifuata ule waya na macho yangu yamefumbwa, nikapita swichi, nikapita spika, halafu kidole changu kikatoka kwenye redio hiyo kikaingia katika ile ya jirani, iliyokuwa imechomekwa kwenye umeme. Niliruka nikaangukia beseni la mama aliyeuza kwanga, ile mikate ya muhogo, mbele ya karakana. Siku nzima nilikula kwanga zilizobonyea. Redio niliyokuwa nikiifuata, kwa taarifa yenu, ilikuwa na mende aliyelala juu ya swichi.

Fundisho hilo Papa Shabani alilirudia kila siku kwa miaka minne, na mimi nililiitikia kila siku, na siku nilipolihitaji nilikuwa nimelisahau. Mtaona.

Nilipoajiriwa kwenye ghala la dawa nilipewa foni, ile redio kubwa ya kuzungumza na vituo vya afya vya mbali. Kila asubuhi niliwaita wauguzi mmoja mmoja, nao wakanitajia dawa zilizowaishia. Muuguzi wa Yahuma alikuwa na mbuzi aliyependa kutafuna waya wa antena. Sauti yake ilipokatika katikati ya neno «kinini», niliandika kwenye daftari: mbuzi. Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake.

Kisha vita ikaja. Mengi ya vita sitayasema. Waulizeni wazazi wenu, waliozijua sakafu za chini ya vitanda vyao kuliko mashuka yaliyokuwa juu. Nitasema tu kwamba mji wetu ulibaki upande mmoja na Kinshasa upande mwingine, mto ukafungwa kati, na mtu aliyekuwa ameshuka kwa safari ya wiki tatu alijikuta ameshuka kwa miaka. Barua hazikupita, simu zilinyamaza. Watu walioana, wakazaa, wakazika, na ndugu zao wa upande wa pili hawakupata habari.

Katikati ya hali hiyo wafadhili wa ghala walituletea fundi mgeni, kijana mwenye ndevu nyekundu, pamoja na sahani ya setilaiti na kompyuta moja ya kukunja. Sahani iliwekwa juu ya paa la ghala, kompyuta ikawekwa ofisini, ng'ambo ya ua. Akavuta kebo kati ya nyumba hizo mbili. Baada ya siku tatu kebo hiyo ilionekana imewafunga mbuzi wa jirani. Akavuta nyingine, nayo ikageuka kamba ya kuanikia nguo, sikujua ya nani. Hapo kijana akakata shauri la kutumia mtandao usio na waya: kisanduku kwenye paa la ghala, na kadi bapa iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta, upande wa kushoto. Nilimsifu sana. Kitu kisichoonekana hakiibiwi.

Ndani ya kompyuta aliweka mfumo uitwao Linux, ambao alama yake ni ndege mnene aliyekaa kitako. Dokta, mkubwa wetu, alimtazama ndege huyo kwa muda akauliza kama huliwa. Bunduki zilipoanza kusikika karibu na uwanja wa ndege, kijana aliondoka na ndege ya kwanza, ya chuma. Akaniachia daftari la maelezo lenye kurasa arobaini, na soksi moja. Ukurasa wa kwanza niliuruka, kwa sababu ulikuwa umeandikiwa watu wasiojua kazi.

Kompyuta ilikaa kwenye meza ya Mama Eugénie, mwandishi wetu, mjane wa Kilokele mwenye sauti ya chini ambayo iliwanyamazisha hata madereva wa malori. Binti yake, Clémentine, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila adhuhuri alimletea mama yake chakula ofisini. Nilianza kuona kwamba kompyuta ile inahitaji kukaguliwa kila adhuhuri. Kwa kifupi, baada ya mwaka mmoja wa ukaguzi nilituma wazee wangu waombe uchumba.

Wazee walipokewa vizuri, wakanywa, wakaambiwa waende wakasubiri. Baba wa Clémentine alikuwa amefariki, na neno la mwisho lilikuwa la noko wake, yaani mjomba, kaka yake Mama Eugénie. Noko Albert alikuwa karani wa boti za mizigo, na alikuwa mmoja wa wale walioshuka Kinshasa kwa wiki tatu. Bahati nzuri ofisi yake kule ilikuwa na anwani ya barua-pepe. Mama akamwandikia, familia ikapanga siku: wazee wangu wangerudi Jumapili ya wiki iliyofuata kupokea jibu. Ikiwa Jumapili ingefika na noko hajasema kitu, basi amekataa. Ndivyo wanavyofanya katika ukoo wao. Noko asiyetaka hatukani wageni wala hatoi sababu, ananyamaza tu, na kimya chake kinaeleweka.

Kulikuwa na jambo la pili. Tangu siku ile wazee wangu walipoingia nyumba yake, Mama Eugénie alikuwa bokilo wangu, mama mkwe. Sikuweza tena kumtazama usoni, wala kukalia kiti chake, wala kugusa kitu cha mkono wake, wala kusema naye moja kwa moja. Nikihitaji kumwambia jambo, nimwambie mtu wa tatu, naye amwambie, hata kama sote watatu tuko chumba kimoja. Wengine hulegeza baada ya miezi michache. Mama Eugénie hakuwa wa kulegeza. Nami nilikuwa fundi wa kompyuta iliyokaa juu ya meza yake, mbele ya kiti chake, kwa hiyo niliifanyia kazi nikiwa nimesimama na kuinama, mgongo umepinda kama mpini wa jembe. Madaktari watatu tofauti wameniuliza maumivu ya kiuno yalianza lini. Najua hata wiki yake.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho mambo matatu yalitokea. Alfajiri radi ilipiga mnazi wa jirani. Asubuhi wanajeshi wakahamia kiwanja cha nyuma na kusimamisha antena ndefu kuliko kanisa. Na Mama Eugénie akaja kazini na nguo ya kompyuta.

Kwetu kitu cha maana hakikai uchi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, na friji huvalishwa hata kama ndani yake kuna viatu tu. Mama alikuwa amefuma nguo ya vipande viwili kwa uzi mweupe na maua ya waridi: kimoja cha kifuniko, kingine, kama gauni, cha sehemu ya chini, kimezunguka mbavu zote na kukazwa kwa mpira wa chupi. Ilipendeza kweli. Upande wa kulia, penye waya wa umeme, alikuwa ameacha tundu. Upande wa kushoto kulikuwa na kadi isiyo na waya wowote, kwa hiyo hakuona sababu ya tundu. Niliona kadi imetuna chini ya maua. Nilimwambia Dokta amwambie Mama kwamba ni nzuri mno, Dokta akamwambia, Mama akamwambia Dokta aniambie asante.

Saa nne asubuhi mtandao ulipotea.

Kwa kawaida nilikuwa nikiandika amri ya kutafuta mitandao, na mashine ikinijibu jina moja tu, lile la ghala letu, maana sidhani kama mji mzima ulikuwa na mwingine. Siku hiyo ilinijibu kwamba haioni mtandao wowote, wala haijui nazungumza juu ya nini. Niliizima, nikaiwasha. Niliiomba tena. Ndege mnene alinitazama.

«Ni radi,» akasema Dokta.

Niliamini ni radi. Nilipanda juu ya paa la ghala, nikakuta kisanduku kizima, taa yake inawaka, na ndege wengine, wa kweli, wamejenga kiota nyuma yake. Jumanne nzima nilikuwa ndani ya daftari, kuanzia ukurasa wa kumi na tisa, penye mambo makubwa. Jumatano nilikata shauri la kuujenga upya moyo wa mfumo, kazi ambayo kompyuta ya siku zile iliifanya kuanzia asubuhi hadi jioni huku ikitiririsha maandishi kama imepandwa na mashetani. Saa tisa alasiri ikabaki kidogo tu iishe. Hapo umeme wa bwawa la Tshopo ukakatika, na betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa zamani. Alhamisi nilianza upya, ikaisha, nikawasha: ndege mnene, mtandao hakuna.

Clémentine alileta chakula, akanikuta nimeinama. Alinong'ona, «Rafa, noko amejibu?»

«Bado kidogo,» nikasema. Hilo ndilo jibu la fundi asiyejua.

«Ile bado kidogo yako iko na siku ngapi?» akauliza. Macho yake yalikuwa mekundu, nami niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mabomu, kwani bomu likipita limepita.

Ijumaa nikawashuku wanajeshi. Antena ile kubwa, nikawaza, ndiyo inayofunika mtandao wetu mdogo. Nilivaa shati la Jumapili, nikaenda kuomba kwa heshima kwamba redio yao izimwe dakika tano tu. Nilipokewa na sajini mpole aliyekuwa akimenya makemba, zile ndizi za kupika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama huku na huku.

«Papa technicien,» akasema polepole, «nikuambie kweli. Tangu tulifika hapa ile mashini haiyasema hata neno. Minaiwasha tu juu commandant aone taa.»

Nikaifungua. Fyuzi ilikuwa imekatika. Nikaweka nyingine na redio ikaanza kupiga kelele, sajini akanikumbatia na kunipa makemba mawili. Nilikuwa nimeenda kuizima redio ya jeshi, nikarudi nimeifufua.

Jumamosi asubuhi niliona sina ujanja tena. Nilimtuma mwenye toleka, yule wa baiskeli za kubeba abiria, akamlete Papa Shabani. Mzee alikuwa haoni vizuri tena, lakini kofia ilikuwa nyeupe vilevile. Alishuka kwenye kiti cha nyuma kama waziri, akaniuliza shida. Nikamweleza kila kitu: radi, moyo wa mfumo, fyuzi ya jeshi, na kwamba kesho ni Jumapili.

«Ulifwata kamba?» akauliza.

«Papa, haina kamba. Ni mtandao wa hewani.»

«Bon. Alors, fwata fasi kamba ingepita.»

Nilitaka kumweleza kwamba hewani hakuna mahali pa kamba kupita, nikaona aibu. Tukasimama chini ya paa la ghala, penye kisanduku. Papa Shabani akainua mkono, akafunga vidole viwili kama ameshika waya, akaanza kutembea. Alivuka ua. Alipita katikati ya tuta la nyanya za mlinzi, maana waya haukunji kona. Dokta alikuwa akija upande wa pili na faili. Alipoona mkono ule unakuja aliinama, akapita chini ya waya ambao haukuwepo, akaendelea na safari yake. Tulifika dirishani, tukazunguka mlango, tukaingia, Papa akarudi dirishani kwa ndani kuuchukua waya wake pale alipouachia. Akavuka ofisi, mkono mbele, na Mama Eugénie aliyekuwa akipanga mafaili karibu na kabati akasogea kando kumpisha. Vidole vya Papa vikatua juu ya maua ya waridi.

«Hapa kuko nini?»

«Kadi ya mtandao, Papa.»

«Unaiona?»

«Naona imetuna.» Na nilipoitazama hapo, nikaona kuwa imetuna kuliko Jumatatu.

«Sikuuliza kama imetuna. Unaigusa?»

Niliirudisha mikono yangu mgongoni.

«Funua ile nguo, mutoto.»

«Siwezi, Papa.»

«Sababu?»

Nilitazama viatu vyangu. «Ni kazi ya mukono ya bokilo.»

Papa Shabani aliondoa vidole vyake kama mimi siku ile ya kwanga. «Ah,» akasema. Akatafuta kiti, akakaa. «Ile inapita miye.»

Hapo ndipo Clémentine alipoingia na sufuria ya pondu, yaani kisamvu. Nilijua ni yeye tu anayeweza kuniokoa. Nikaikazia macho sufuria, nikasema, «Klema, umuambie mama naomba, na heshima yote, nguo ya mashini itoke kidogo ku kushoto.»

Mama alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Clémentine aligeuka. «Mama, Rafa anaomba nguo itoke kidogo ku kushoto.»

«Umuambie Rafa ile nguo nilifuma siku tatu,» akasema Mama Eugénie kwa sauti yake ya chini. «Frigo yangu iko na nguo. Televizio iko na nguo. Redio ya marehemu iko na nguo. Kuko moja yenye ilikufa?»

«Rafa, mama anauliza—»

«Nimesikia,» nikasema.

Lilikuwa kosa kubwa. Nilikuwa nimekiri kwamba namsikia mama mkwe. Mama alishtuka, Papa Shabani akasoma dua, na Dokta, aliyekuwa amefika mlangoni, akakohoa mpaka akatoa leso. Nilijua nimekwishaharibu. Nikabaki na neno moja tu, nikalitoa.

«Klema, umuambie mama kesho ni Jumapili.»

Clémentine hakulipeleka. Aliishika sufuria tu. Mama alimtazama binti yake. Kisha akaja mezani, akaingiza vidole chini ya ule mpira, akauvuta.

Kadi ilianguka mkononi mwake.

Nitawaeleza kilichotokea, kwa faida ya kazi. Kando ya tundu la kadi kompyuta zile zilikuwa na kitufe kidogo: ukikibonyeza, kadi inatoka. Mpira wa gauni ulikuwa umekaa juu ya kitufe hicho, unakibonyeza tangu Jumatatu saa nne. Kadi ilikuwa imetoka nusu, imening'inia ndani ya nguo wiki nzima. Na ukurasa wa kwanza wa daftari, ule wa watu wasiojua kazi, ulisema hivi: hakikisha kadi imeingia hadi mwisho.

«Kikulacho ki nguoni mwako,» akasema Papa Shabani, kwa Kiswahili cha babu zake. Methali hiyo nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote, na sikudhani kuna siku nitaomba isisikike.

Mama aliigeuza kadi mkononi. «Klema,» akasema, «uulize Rafa, hii kitu inaingia fasi gani.»

Nilionyesha kwa kidevu. Akaisukuma yeye mwenyewe, kwa kidole gumba, mpaka mwisho. Kompyuta ikalia mara mbili, mlio wa juu na mwingine wa juu, na hiyo kwa Linux ya siku zile ilikuwa njia ya kusema: nimeiona, naifanyia kazi. Jina la ghala letu likatokea. Sijapata kusikia muziki mzuri kuliko ile milio miwili, na nimeoa kwa okestra.

Barua ziliingia nyingi kwa pamoja. Tatu zilikuwa za noko. Dokta, kwa kuwa hakuwa mtu wa upande wowote, ndiye aliyezisoma kwa sauti.

Ya Jumanne ilisema: Dada, nimeuliza habari za huyu Rafa kwa watu wa Mangobo walio huku. Wanasema hanywi sana na anatengeneza vitu. Jibu langu ni ndiyo.

Clémentine akakaa chini sakafuni na sufuria yake.

Ya Alhamisi: Dada, mbona kimya? Nilisema ndiyo.

Ya Ijumaa: Dada, wiki nzima hakuna mtu aliyenijibu. Najua mila yetu, kimya ni kimya. Kama familia ya huyo kijana imebadili nia, msinifiche. Kesho Jumamosi ofisi inafungwa saa nane. Nikikosa neno lenu, ndiyo yangu naichukua, tusije tukachekwa.

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Saa zetu ziko mbele ya za Kinshasa kwa saa moja, Dokta akakumbusha, na sote tukapumua, isipokuwa Papa Shabani aliyesema kwamba makarani hufunga kabla ya wakati.

Mama Eugénie akakaa kwenye kiti chake. Akakunja mikono ya blauzi. Kisha, kabla ya kugusa herufi hata moja, akachukua lile gauni na kuivalisha kompyuta upya, akilinyoosha kila ua, kwa sababu barua ya heshima kwa kaka mkubwa haiandikwi kwenye mashine iliyo uchi. Nilisikia mlio mmoja mfupi wa chini. Mtandao ukatoweka.

Dokta alitazama dari. Mama akawa ameweka mikono miwili juu ya maua yake, na nilielewa kwamba naye ameelewa. Siku tatu za kufuma, na uzi ule wa waridi, katika vita, ulikuwa umetafutwa soko kwa soko. Nilimhurumia, na hilo pia halikuwa na njia ya kusemwa.

«Klema,» akasema. «Makasi.»

Akaletewa mkasi. «Uulize Rafa, ni hapa?»

«Kidogo mbele,» nikaiambia sufuria.

«Kidogo mbele,» akasema Clémentine.

Mama akakata. Alitoboa katikati ya ua kubwa kuliko yote, akakata na mpira penye kitufe, akaingiza kadi kupitia tundu hilo. Milio miwili ya juu. Akaandika kwa vidole viwili, bila haraka, na koma zake zote. Sisi tulisimama nyuma yake kama watu wanaosubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Barua ikaenda. Baada ya robo saa ikaja nyingine: Bon. Kumbe mko wazima.

Tulioana kabla ya msimu wa mvua. Mto ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo noko Albert hakuweza kuja, na arusi bila noko ina kiti kitupu ambacho kila mtu anakiona. Mama Eugénie alipata dawa ya jambo hilo. Kompyuta ililetwa kutoka ofisini juu ya toleka, ndani ya gauni lake, ikawekwa kwenye kiti cha noko, na baraka zake zilizoandikwa zikasomwa na Dokta kutoka kwenye kioo. Mbele yake pakawekwa sahani ya samaki na glasi ya bia. Wazee wangu walipita mmoja mmoja wakaisalimu. Mto ulipofunguliwa na noko akarudi mwenyewe, jambo la kwanza aliloliuliza ni nani aliyekula samaki wake. Alikuwa Papa Shabani, bia haikumhusu.

Tangu hapo mashine nyingi zimepita mikononi mwangu: printa, ruta, simu, zile sahani mpya ndogo. Zote zilizofika meza ya Mama Eugénie zilipewa nguo, na kila nguo ilikuwa na tundu upande wa kushoto, liwe lina kazi au halina. Wageni waliuliza, mimi nikawaambia ni hewa ya kupoza. Na vijana, kila kitu kikikataa kufanya kazi, someni kwanza ukurasa wa kwanza. Kisha wekeni mkono.

Mama sasa ni mzee sana, anaishi kwetu. Miaka yote hii tumezungumza kupitia kwa Clémentine, na Clémentine asipokuwepo, kupitia kwa paka. Wiki iliyopita nilikuwa kibarazani na ile redio yangu ya ustaafu. Mama alitoka na mkongojo wake, akakaa upande wa pili, akanisogezea kitu juu ya meza. Ilikuwa nguo ndogo nyeupe yenye maua ya waridi, mishono imepindapinda kwa sababu macho yake yamechoka. Niliivalisha redio. Iliingia sawasawa. Upande wa kushoto palikuwa na tundu lililopindwa vizuri, mahali ambapo redio hiyo haina kitu chochote.

Clémentine alikuwa sokoni. Paka hakuonekana.

«Rafa,» akasema Mama Eugénie, akinitazama. «Tundu iko fasi yake?»

Nikainua macho, mara ya kwanza tangu uchumba ule, nikaona kwamba amefanana na mke wangu.

«Iko fasi yake, Mama.»